Dawa Ilitangulia, Karatasi Ikachelewa

Hebu leo tuachane kidogo na siasa. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikisoma historia ya jambo ambalo wengi wetu hatujawahi hata kulisikia: kumchoma mtoto mchanga kisigino, kudondoshea matone machache ya damu kwenye karatasi nene, na kuipeleka karatasi hiyo maabara ili kujua kama tezi yake ya thairoidi inafanya kazi. Ukipita haraka haraka utadhani hii ni habari ya madaktari peke yao. Mimi naiona kama habari ya muda. Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana mwaka 1891. Njia ya kuwapata watoto wanaoihitaji kabla hawajaharibika ikaanza kutumika kwa jimbo zima mwaka 1974. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 83. Muda wote huo dawa ilikuwepo, na watoto waliendelea kupoteza akili zao majumbani, mmoja mmoja, kimya kimya.

Tuelewane kwanza. Tezi ya thairoidi ni ile iliyo mbele ya shingo, chini ya kongomeo, yenye umbo kama la kipepeo. Ndiyo ile inayovimba mtu akipata rovu. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, na malighafi yake ni madini joto, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi tunayonunua dukani. Mtu mzima akipungukiwa homoni hii atachoka, atasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, ngozi itakauka, mawazo yatakwenda taratibu. Akipewa dawa anarudi kama zamani. Kwa mtoto mchanga mambo si hivyo. Ubongo wake ndio kwanza unajengwa na homoni hii ni mmoja wa mafundi. Fundi wa msingi akikosekana siku ya kumwaga zege, huwezi kumwita baada ya kuezeka bati.

Sasa, baadhi ya watoto huzaliwa bila tezi hiyo kabisa, au na tezi ndogo iliyokaa mahali pasipo pake, au tezi ipo lakini haiwezi kutengeneza homoni. Na hapa ndipo ugonjwa huu unapokuwa mjanja. Mtoto anazaliwa mzima! Uzito wake ni mzuri, sura ya kawaida, vidole kumi na kumi. Sababu ni kwamba akiwa tumboni alikuwa akikopa homoni kidogo kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kitovu kikikatwa, mkopo nao umekatwa, lakini dalili huchukua wiki na miezi kujitokeza. Na zikijitokeza, angalia zinavyofanana na sifa: mtoto halii ovyo, analala sana, hasumbui usiku. Majirani wanampongeza mama kwa kujaliwa mtoto mpole. Manjano yanachelewa kuisha, wanaambiwa wamuanike juani asubuhi. Anafunga choo, anapewa maji ya hiki na kile. Ulimi unaonekana mkubwa, kitovu kimechomoza, sauti ya kulia ni nzito kidogo. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo itakayomfanya mzazi akimbie hospitali usiku. Mtoto anapofikisha mwaka hajakaa ndipo watu wanaanza kuulizana.

Kwa karne nyingi huko Ulaya ugonjwa huu ulionekana kama laana ya milima. Katika mabonde ya Alps, Uswisi na jirani zake, kulikuwa na vijiji vyenye watu wengi wenye rovu na, katikati yao, watu wafupi sana wenye akili iliyodumaa. Kwa Kifaransa cha huko milimani waliitwa kretini, neno ambalo baadaye likageuka kuwa tusi katika lugha kadhaa za Ulaya. Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16, alikwishaona kuwa rovu na hali hiyo vinakwenda pamoja. Lakini kuona ni jambo moja na kujua sababu ni jingine. Wengine walilaumu maji, wengine hewa ya mabondeni, wengine wazazi. Mwaka 1850 daktari Mwingereza Thomas Curling alieleza habari za watoto wawili wa hali hiyo hiyo ambao baada ya kufa walichunguzwa, wakakutwa hawana tezi kabisa. Hao hawakutoka Alps. Maana yake ni kwamba kulikuwa na njia mbili za kufika pale pale: kukosa madini joto, au kukosa tezi yenyewe. Kumbukeni tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

Ushahidi mkubwa ulikuja kwa njia ya kusikitisha. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern, alikuwa fundi kweli kweli wa kuondoa rovu. Alikuwa anaitoa tezi yote, kwa usafi na utulivu ambao wenzake waliuonea wivu. Kisha akapata habari za msichana wa miaka 11 aliyemfanyia upasuaji mwaka 1874: kwamba amebadilika, amedumaa, amekuwa mzito wa akili, wakati mdogo wake ambaye zamani walifanana kama mapacha amekua akawa binti mrembo. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani awachunguze. Kati ya 18 aliowaondolea tezi yote na ambao aliweza kuwaona tena, 16 walikuwa na hali hiyo. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wenzake akayasema hayo hadharani, na akaacha kuiondoa tezi nzima. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Mimi tuzo ningempa kwa ile siku ya 1883.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1891 George Murray, daktari kijana wa Newcastle, alichukua tezi za kondoo, akazikamua, akamchoma sindano mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mama yule akaamka. Mwaka uliofuata madaktari wengine wakagundua hata sindano si lazima, tezi inaweza kuliwa. Mmoja wao alishauri ikaangwe kidogo, ikatwekatwe, iliwe na jamu mara moja kwa wiki. Sijui kama mpishi yeyote wa Zanzibar angekubali. Mgonjwa wa Murray aliishi miaka 28 zaidi, hadi 1919, na hesabu ikaonyesha ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Siku ya Krismasi ya 1914 Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, akaipata homoni yenyewe ikiwa safi, na mwaka 1927 Harington na Barger kule Uingereza wakaweza kuitengeneza maabara. Kondoo wakapumzika. Leo ni kidonge kidogo cha kila siku, si cha bei ya kutisha, na kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Basi watoto walipona? Hapana, na hapa ndipo penye uchungu. Tangu miaka ya 1890 madaktari walipenda sana kuchapisha picha za watoto waliopewa dawa, kabla na baada. Ukizitazama utashangaa: mtoto wa miaka kadhaa aliyekuwa kama kichanga amerefuka, uso umenyooka, anasimama. Picha ilionyesha mwili. Haikuonyesha kwamba wengi wao hawakuweza kusoma wala kujitegemea. Dawa iliyotolewa mtoto akiwa na miaka miwili iliurefusha mfupa lakini haikuweza kuujenga upya ubongo.

Mwaka 1972 Robert Klein na wenzake wawili, Marekani, walichapisha takwimu ambazo kwa maoni yangu zilistahili kubandikwa kwenye mlango wa kila wodi ya wazazi. Waliwapanga watoto kwa umri walioanza dawa, wakaangalia kipimo cha akili, kile ambacho wastani wa watu ni 100. Walioanza kabla ya miezi mitatu walipata wastani wa 89. Walioanza kati ya miezi mitatu na sita, 71. Walioanza baada ya miezi sita, 54. Ugonjwa ni ule ule na dawa ni ile ile, kilichotofautiana ni kalenda tu. Na ni watoto wangapi walikuwa wanagunduliwa mapema kwa macho ya daktari? Kwenye utafiti mmoja wa Denmark, nchi tajiri yenye madaktari wa kutosha, kabla ya upimaji wa wote kuanza ni asilimia 10 tu waliogunduliwa ndani ya mwezi wa kwanza, na asilimia 35 ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo usimlaumu nesi wa zahanati ya kwenu. Hata profesa wa Copenhagen hakuona kitu.

Aliyeleta karatasi hakuwa anafikiria tezi hata kidogo. Robert Guthrie alikuwa mtaalamu wa vimelea huko Buffalo, jimbo la New York, akifanya utafiti wa saratani. Mtoto wake wa kiume alikuwa na ulemavu wa akili, na kwa sababu hiyo akajiingiza kwenye vyama vya wazazi. Baadaye mtoto wa shemeji yake akakutwa na ugonjwa mwingine wa kurithi, fenilketonuria, ambao nao unaharibu ubongo lakini unazuilika kwa lishe maalumu mtoto akiwahiwa. Guthrie akabuni kipimo rahisi cha kutumia bakteria, lakini ubunifu wake mkubwa ulikuwa wa kawaida kabisa: badala ya kujaza damu kwenye chupa ya kioo inayohitaji barafu na dereva, dondoshea kwenye karatasi ya kuchujia, iache ikauke, itie kwenye bahasha, peleka posta. Damu iliyokauka haioti na haimwagiki. Kufikia 1963 zaidi ya watoto 400,000 katika majimbo 29 ya Marekani walikuwa wamepimwa. Ghafla kila mtoto anayezaliwa akawa anaacha nyuma yake doa la damu, na doa hilo likawa linasafiri hadi maabara moja.

Miaka michache baadaye, jimbo la Quebec huko Kanada likajenga mtandao wake wa kupima magonjwa ya kurithi kwa karatasi hizo hizo. Katika mji wa Quebec alikuwepo daktari kijana wa homoni, Jean Dussault, aliyezaliwa 1941. Alikuwa anajua mbinu mpya ya wakati huo ya kupima homoni kwa kutumia chembe za mionzi, mbinu inayoweza kukamata kiasi kidogo mno. Akajiuliza swali ambalo leo linaonekana jepesi: je, katika doa hilo lililokauka, baada ya kukata kipande cha kupima fenilketonuria, kilichobaki kinatosha kupima thairoksini? Kilitosha. Mwaka 1973 yeye na Claude Laberge wakachapisha mbinu hiyo, na mwaka 1974 Quebec ikaanza kuwapima watoto wake wote. Hakukuwa na haja ya kuajiri nesi mpya wala kununua sindano ya ziada, na mtoto hakuchomwa mara ya pili. Karatasi ilikuwa imekwishalipiwa na ugonjwa mwingine.

Wajapani, Irie na wenzake, walikuja mwaka 1975 na njia ya kupima TSH, ile homoni ambayo ubongo huituma kuihimiza tezi. Tezi ikiwa mvivu, ubongo unapiga kelele, TSH inapanda. Nchi nyingi za Ulaya zikafuata njia hiyo kwa sababu haiwatii hofu bure wazazi wengi, ingawa kuna aina chache za ugonjwa inazikosa, zile ambazo tatizo liko kwenye ubongo wenyewe. Mabishano ya njia ipi bora yaliendelea kwa miaka na mimi siyaingilii. Mwaka 1979 Wamarekani na Wakanada walitoa matokeo ya watoto milioni moja waliopimwa: karibu mtoto mmoja kati ya 4,000 alikuwa nao. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa nadra sana ukaonekana upo mara kadhaa zaidi ya ile fenilketonuria iliyoleta karatasi! Na mwaka 1981 madaktari wa majimbo ya New England wakaonyesha kuwa watoto waliogunduliwa kwa karatasi na kuanza dawa mapema walikuwa na akili kama watoto wengine tu. Siku hizi lengo ni dawa ianze ndani ya wiki mbili za kwanza.

Sasa tuje kwetu, maana najua kuna anayejiuliza Quebec inatuhusu nini. Miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji walikuwa wakifanya kazi katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, Kongo. Mmoja wao alikuwa François Delange. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na wengine walikuwa na ule udumavu mzito wa mwili na akili. Kusini-magharibi rovu ilikuwa chache, wakati madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Fumbo hilo liliwapeleka kwenye chakula, hasa muhogo. Muhogo mchungu usiporowekwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayoizuia tezi isinyonye madini joto. Chumvi haba na muhogo mwingi vikikutana, tezi ya mtoto inapigwa pande mbili. Baadaye, upande wa Ubangi, kaskazini-magharibi mwa Kongo, walipopima damu ya kitovu cha watoto wachanga walikuta hadi mmoja kati ya kumi homoni yake iko chini. Mmoja kati ya kumi, si kati ya 4,000! Delange alirudi Ulaya akawa miongoni mwa watu waliosukuma sana upimaji wa watoto wachanga huko, na ni upimaji huo uliowaonyesha Wabelgiji kwamba hata wao chumvi yao ilikuwa na upungufu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema habari hizi ni za wazungu, mwambie apande boti pale Bukavu.

Kwetu Tanzania nyanda za juu kusini zilijulikana kwa rovu, na kuanzia miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika sana waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kabla ya sheria za chumvi za katikati ya miaka ya 1990. Ni kazi nzuri, tena kubwa. Lakini kumbukeni wale watoto wawili wa Curling. Chumvi inamsaidia mtoto mwenye tezi isiyo na malighafi. Asiyekuwa na tezi, hata umlishe mama yake gunia zima, haimsaidii. Huyo anahitaji karatasi na kidonge. Nchini kwetu wanazaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Tukitumia hesabu ile ya 1979 ni watoto 500 na zaidi kila mwaka. Sema kwetu ni nusu ya hapo, bado ni 250, yaani madarasa matano yaliyojaa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema karibu asilimia 70 ya watoto wote duniani wanazaliwa mahali pasipo na upimaji huu, na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara imo humo.

Kinachonikera ni kwamba karatasi ya Guthrie tunayo. Ilikuja na ukimwi. Watoto wa akina mama wanaoishi na virusi huchomwa kisigino kliniki, mara nyingi wakiwa na wiki sita, damu inakaushwa kwenye kadi, kadi inasafiri kwa basi na kwa gari hadi maabara ya kanda. Wiki sita si wiki mbili, lakini rudia zile namba za Klein uone miezi mitatu ilikuwa na maana gani. Na kuna waliokwishafanya alichofanya Dussault. Huko Mwanza watafiti walichukua kadi zaidi ya 17,000 zilizokwishapimwa virusi, wakatafuta selimundu katika madoa yale yale, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya mia alikuwa nayo. Muhimbili nao, mwaka 2015 na 2016, walipima vichanga karibu 4,000 kwa ajili ya selimundu mara tu baada ya kuzaliwa.

Najua jibu la maofisini: fedha hakuna, malaria kwanza, nimonia kwanza. Si jibu la kipuuzi. Selimundu kwetu inaua watoto wengi zaidi, na ningekuwa na sindano moja tu ningeanza nayo. Ila Quebec haikuchagua kati ya magonjwa mawili. Ilikata kipande cha pili kwenye karatasi ile ile. Ugumu wa kweli, kama ninavyouona, uko baada ya maabara: majibu yakirudi, nani anampata mama ambaye alitoa namba ya simu ya shemeji na kwishahamia kwa wazazi wake? Huko Marekani walimpata kwa anwani ya posta. Sisi tuna simu za mkononi, na wahudumu wa afya wa vijijini wanaomjua kila mtu kwa jina.

Kwa wale mnaotarajia mtoto au mna mdogo ndani: kichanga ambaye manjano hayaishi baada ya wiki mbili, anayelala kupita kiasi, ananyonya kwa uvivu na kufunga choo, muombeni daktari apime TSH. Hospitali kubwa nyingi za mijini zinaweza, ni kipimo cha kawaida kwa watu wazima. Na ninyi manesi na watu wa maabara mnaopita hapa, naomba mniandikie: kwenu mlipo, doa likishapimwa virusi, kadi inawekwa wapi, na inakaa muda gani kabla ya kuchomwa moto? Nataka kulifuatilia hilo kwa makala ijayo.